Redio ya zamani ndani ya simu

Siku hizi usingizi ukigoma navaa zangu hedifoni nasikiliza vipindi vya redio vya Marekani vya kitambo, hasa Suspense, kipindi cha visa vya kusisimua cha mtandao wa redio wa CBS, kilichokuwa hewani 1942 mpaka 1962, yani unasikia nyayo tu na mlango unalia kwiii halafu nyumba nzima unajichorea mwenyewe kichwani. Na mafaili mepesi balaa, nusu saa ya MP3 kwa 64 kbps (kiasi cha data kwa sekunde, kikishuka na sauti inaharibika) mono, yani sauti ya njia moja, haifiki hata MB 15. Ila hao wanaoyabana mpaka 16 kbps jamani, mtu anaongea kama yuko ndani ya ndoo! Mikwaruzo ya santuri mie siisafishi, naipenda. Kinachoniudhi ni majina ya mafaili, juzi nimefungua cha upelelezi nikakutana na vichekesho.