Nilivyotembea kwa miguu ranchini Kongwa

Mtu wa kazini ndiye aliyenipoteza mara ya kwanza nilipotaka kuiona ranchi. "Nenda Septemba, barabara ni kavu, zunguka na gari, piga picha, rudi." Nikamsikiliza. Tulifika ranchi hiyo ya ng'ombe, upande wa Kongwa, Dodoma, saa sita mchana, jua la utosi, nyasi zimekauka, vumbi limeingia mpaka kwenye chupa ya chai. Mlinzi akauliza barua ya maombi. Hatukuwa nayo, lakini alituonea huruma, akaturuhusu tupite barabara ya ndani bila kushuka. Ng'ombe walikuwa wamelala vivulini mbali, tukaona masikio. Mafuta ya siku ile yangenunua kuku wawili wa kienyeji na mchele wake. Yule jamaa bado anawashauri watu hivyo hivyo, na bado inaniudhi.

Ranchi haionekani kutoka dirishani. Mara ya pili niliandika barua mapema, nikaomba mtu wa kutuongoza kwa miguu, nikachagua Aprili. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaanza kama Desemba na kukatika Aprili, kwa hiyo wakati huo majani yapo. Mimi na binti yangu tulilala Kibaigwa, gesti ya kawaida, bodaboda ikatuchukua alfajiri.

Aliyetupokea ni mzee wa Kigogo, mchungaji tangu ujana wake.

"Shikamoo babu," binti akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Suruali ingiza kwenye soksi."

Hakutuambia sababu. Tulipofika kwenye nyasi akachuchumaa, akamwita binti ainame. Kwenye ncha ya jani moja kupe alikuwa amekaa, miguu ya mbele ameinyoosha hewani kama mtoto anayeomba abebwe. Anasubiri chochote kipite, adake. Huyo ndiye anayewaletea ng'ombe ugonjwa wa ndigana kali, mzee akasema, na ndiyo maana wanaogeshwa dawa joshoni. Nguo ziwe za rangi nyeupe au nyeupe-nyeupe, kupe akipanda umwone.

Tukaenda taratibu, mzee akipiga mluzi ili ng'ombe wajue tunakuja. Walikuwa wa aina ya Boran, nundu zimesimama, ngozi zinang'aa, yangeyange wakiwafuata miguuni kula panzi wanaofurushwa. Lakini kilichonishika ni uzio. Mzee alisimama palepale kwenye waya, mkono mmoja huku, mwingine kule. Upande wa kushoto ng'ombe walikuwa wametoka siku chache, majani yamebaki mafupi. Kulia palikuwa pamepumzishwa, yananifika gotini. Akang'oa shina moja kila upande, akaniwekea kiganjani. La kulia lilikuwa na mizizi mingi, mirefu, imeshika udongo. "Jani likiliwa, linajenga upya kwa akiba ya mizizi. Ukilirudia kabla halijapona, mizizi inafupika. Jua likija, linakufa, udongo unabaki uchi." Nilizishika zile shina mbili mpaka tunaondoka.

Akatuonyesha na mdudu anayeviringisha kinyesi, akirudi kinyumenyume, bonge kubwa kuliko yeye. Anakizika, ardhi inapata mbolea. Binti alimfuata mpaka akazama.

Nchi hii hii ya Kongwa Waingereza waliijia na matrekta mwaka 1947 wakitaka karanga. Mvua haikutosha, udongo ulikauka ukawa kama saruji, mwaka 1951 wakaachana na mradi. Niliposimama kwenye nyasi zile za gotini niliielewa ardhi yetu kuliko nilivyowahi kufundishwa darasani.

Nauli na bodaboda havikunitisha, na mzee tulimpa cha asante. Beba maji mengi. Viatu viwe vya kufunika, mwiba wa mgunga unapita kandambili.

Baba mkwe ana ng'ombe wanane Nala. Nilimweleza, akakubali tugawe malisho yake vipande vitatu kwa uzio wa miiba. Mvua za Januari ziliponyesha nikampigia mzee simu, nikamwambia kipande cha kwanza majani yamefika kwenye kifundo.

"Gotini bado?"

"Bado, mzee."

"Basi usifungue."