Nyuma ya ubao wa alama, Nairobi Gymkhana

Mjomba ndiye aliyenipitisha langoni bila tiketi. Alikuwa na kibarua cha ubao wa alama pale Nairobi Gymkhana, na mikono yake miwili haikutosha. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 4 Oktoba 1996, Pakistan na Sri Lanka, katika mashindano ya kuadhimisha karne ya kriketi nchini Kenya.

Mwaka huo mtu wa Nairobi hakuhitaji kufundishwa kriketi. Februari, kwenye Kombe la Dunia, vijana wetu walikuwa wameizima West Indies ya Brian Lara kule Pune, wakawatoa wote kwa mikimbio 93, yaani alama 93. Siku chache baadaye Sri Lanka wakatupeleka Kandy na kutupiga 398, jumla kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Steve Tikolo alijitutumua akapata 96, lakini wapi. Sri Lanka wakaenda zao kutwaa kombe. Kwa hiyo Ijumaa ile, nyuma ya ubao, mjomba na mimi tulikuwa Wapakistani damu.

Kazi yenyewe ilikuwa vibao vya bati vyenye namba, ndoano zenye kutu na ngazi iliyolegea msumari mmoja. Mkimbio mmoja mmoja ni raha: unabadilisha kibao cha mwisho tu, unarudi kuketi. Taabu ni sita, mpira unaopigwa hewani ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini. Ukiongeza sita sita, mara nyingi na kibao cha makumi lazima kishuke, na bado jumla ya timu inakusubiri kando.

Mpigaji namba tatu wa Pakistan aliingia, kijana tusiyemjua. Afridi, karatasi ilisema. Alikuwa ameitwa kwa haraka kuziba pengo la Mushtaq Ahmed aliyeumia, tena aliitwa kama mrushaji. Siku mbili kabla, katika mechi yake ya kwanza, dhidi yetu, hata zamu ya kupiga haikumfikia. Hata gongo aliloshika halikuwa lake, lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India na lilimfikia kupitia kwa mwenzake Waqar Younis. Hilo tulikuja kulisikia baadaye.

Akaanza. Sina namna ya kueleza vizuri, maana nusu ya zamu ile niliiona kupitia upenyo kati ya mbao mbili huku nimeshika kibao cha 8 kwa meno. Mpira ulikuwa ukipanda, unapotea juani, halafu kelele zinakwambia umeangukia wapi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na mpira uliopigwa sawasawa hauna haraka ya kushuka. Mjomba aliacha kuniita kwa jina. "Sita! Sita tena! Wee, teremka, sita!"

Nilichokiona vizuri ni uso wa Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka. Aprili ya mwaka huohuo, Singapore, yeye ndiye aliyeweka rekodi ya mia (mikimbio 100 ya mpigaji mmoja) ya haraka zaidi katika mechi za kimataifa za siku moja, mipira 48, na alikuwa ameiweka dhidi ya hawahawa Pakistan. Sasa alikuwa akirusha yeye. Alipigwa, akafuta mpira kwenye suruali, akarudi kuanza mbio zake fupi, akapigwa tena. Ova zake 10, za mipira sita sita, ziligharimu mikimbio 94. Hakujificha hata mara moja.

Ubao wetu haukuwa na mahali pa kuhesabu mipira, kwa hiyo sisi tuliokuwa tukizipandisha namba ndio tuliokuwa wa mwisho kujua. Kijana mmoja alikuja mbio kutoka meza ya waandishi wa alama: mia, mipira 37. Afridi alitoka na 102 kwa mipira 40, sita 11 ndani yake. Saeed Anwar naye alipata 115 siku hiyo, na sijasikia mtu akimtaja tangu hapo.

Wakati wa mapumziko mzee mmoja Mhindi, mwanachama wa miaka mingi, alikuja kutuletea chai. Mjomba akamwambia, "Mzee, hii haitavunjwa milele."

Mzee akacheka. "Ya Jayasuriya imekaa miezi sita. Hii ni kazi ya nusu saa, kijana. Mtu yeyote mwenye mkono mzito anaweza kubahatika nusu saa. Nivunjie ya Bradman."

Akatueleza habari za Don Bradman wa Australia: wastani wa mikimbio 99.94 kwa kila mara aliyotolewa, katika mechi 52 za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa. Zamu ya mwisho, 1948 pale Oval, alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani ufike 100, Eric Hollies akamtoa kwa sifuri. Mjomba alisikiliza kwa adabu, lakini niliona hajashawishika.

Wote wawili walikuwa na haki, kila mmoja kwa saa yake. Rekodi ya Nairobi ilidumu miaka 17, mpaka Corey Anderson alipofika mia kwa mipira 36 kule Queenstown, Januari mosi 2014. Mwaka uliofuata AB de Villiers akaishusha hadi 31, mjini Johannesburg. ("Nako kuko juu kama huku," mjomba alisema, akikataa kumpa pongezi kamili.) Ya Bradman haijaguswa. Kati ya waliocheza muda wa kutosha, hakuna mwingine aliyestaafu na wastani wa hata 65.

Julai 2025 mjomba alinipigia simu usiku, amefura. Wiaan Mulder, nahodha wa muda wa Afrika Kusini, alikuwa na 367 kule Bulawayo, bado hajatolewa, rekodi ya Lara ya mikimbio 400 katika zamu moja ya Test iko mbele yake, na akafunga zamu kwa hiari yake wakati wa chakula cha mchana. Alisema rekodi kama ile inamstahili Lara.

Nilijaribu kumtetea, kwamba ni heshima kwa wakubwa.

"Heshima gani?" mjomba akasema. "Wewe ulikuwa pale. Jayasuriya aliomba asipigwe?"