Saa nane usiku, mtoto hapumui vizuri, na gari sina

Daraja la Nyerere, la kuvukia kwenda Kigamboni hapa Dar es Salaam, lilipofunguliwa mwaka 2016, wengi tulianza kuitazama Kigamboni kwa jicho jingine, mimi nikiwemo. Nikapanga Kibada, hukohuko Kigamboni. Ila kutoka kituo cha daladala hadi kwangu ni mchanga mtupu, dakika 25 kwa miguu, na usiku ukishakuwa mkubwa usafiri ni wa kubahatisha.

Mwaka wa kwanza niliishi kwa salamu za mlangoni tu. Halafu usiku mmoja pumu ikambana mwanangu wa kwanza. Kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea ndani. Kopo la dawa nalitikisa, halitoi kitu. Bodaboda wangu hapatikani. Nikambeba mgongoni, mdogo wake nikamshika mkono, nikaenda kugonga nyumba ya pili.

Alitoka mama mmoja, kanga kifuani. Hakuniuliza mimi ni nani. "Huyu mdogo niachie, atalala na wangu," akasema, huku anamwamsha kijana anayelaza bajaji uani kwake. Mwaka mzima napita pale, sikuwahi kujua kuna bajaji! Tukafika kituo cha afya, mtoto akavutishwa dawa kwa mashine, alfajiri kifua kikaachia. Nilipompa yule kijana nauli, alichukua hela ya mafuta tu.

Wiki hiyohiyo nikamfuata yule mama, tukaongea na majirani. Sasa tuko nyumba 11. Kila nyumba inatoa shilingi 3,000 kwa mwezi, anazishika kijumbe, anayekusanya hela za mchezo wetu wa upatu, maana tayari tunamwamini. Ni za mafuta ya safari za usiku na ahsante ya dereva, kwa hiyo anayeuguliwa hatafuti hela saa ile. Bajaji hailali tenki likiwa chini ya nusu. Namba za simu tumeziandika kwa kalamu nzito nyuma ya mlango, chini kabisa, watoto wazione.

Tuligombana pia. Kuna aliyeiita bajaji usiku kwenda harusini, tukakaa kikao: ni mgonjwa, mjamzito au msiba, basi. Bibi mchoma mahindi hatoi hela, na hakuna anayemdai. Yeye ndiye anayekuja kulala na watoto ukikimbizwa hospitali. Hilo ndilo ninalolithamini kuliko bajaji yenyewe, kwa sababu hata ningekuwa na gari usiku ule, yule mdogo ningemwachia nani?

Asubuhi tunapeana zamu kuwasindikiza wanafunzi kituoni. Konda akiona watoto peke yao, na nauli yao ndogo, anawapita. Akiona mtu mzima kasimama nao, wanapanda. Mimi ni Jumanne na Ijumaa.

Mwezi uliopita uchungu ulimshika binti wa yule mama wa kanga, saa tisa usiku. Safari hii niliyepanda bajaji na begi la mjamzito mapajani ni mimi. Amejifungua wa kike. Mimi ni fundi cherehani, magauni yake mawili ya kwanza nimeshayashona.