Siku Ambayo Pesa Haishikwi

Bibi ninayemhudumia hapa Brooklyn ni Myahudi mshika dini hasa. Kila Ijumaa, kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato (huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuchwa), ana mambo mawili ya kumaliza. Kwanza ananipa ujira wangu. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakataza kulaza ujira wa kibarua mpaka asubuhi, na kwetu tuliofundishwa madrasa tumlipe mtu kabla jasho lake halijakauka, hilo si geni. Kisha anachota sarafu kwenye kibakuli na kuzitumbukiza moja moja katika kopo la sadaka lililo dirishani. Vidole vinamtetemeka, lakini hataki nimsaidie.

Baada ya hapo pesa haiguswi mpaka nyota zionekane Jumamosi usiku. Juzi nilipokunjua kitambaa cha meza, noti ya dola 20 ikadondoka. Nikainama kuiokota, akanitikisia kichwa. Ikabaki pale chini ya kiti huku yeye akinywa chai na kunisimulia habari za dada yake. Bei za vitu, kodi, nani anamdai nani, hayo hayazungumzwi siku hiyo.

Nilimwonea wivu, nakiri. Simu yangu haina Sabato. Ada, matanga, michango ya harusi, vyote vinaingia usiku na mchana, nami nalala nikipiga hesabu.

Kinachonivutia ni kwamba dini hii haimwambii mtu aichukie pesa. Inaiwekea mipaka, tena kwa sheria, haingoji moyo ulainike. Kila mwaka wa saba, kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati sura ya 15, madeni yanafutwa. Mwaka wa aina hiyo uliopita ulianza Septemba 2021, na unaofuata utaanza 2028. Lakini watu ni watu. Zamani za Hekalu la pili la Yerusalemu, wenye mali walipoona mwaka wa saba unakaribia wakaacha kukopesha, na maskini wakakosa pa kukimbilia. Ndipo Hillel, mmoja wa wanazuoni wao wakubwa, alipoweka utaratibu wa kukabidhi deni mahakamani kwa hati, lisije likafutwa. Wapo watakaosema alipindisha sheria. Mimi naona alimtazama maskini usoni akaona njaa yake, na heshima yangu kwake ni kubwa.

Riba pia wamekatazwa kutozana, ndiyo maana mitaa ya huku ina mifuko ya mikopo isiyo na riba, hata ya kuazimana nguo za harusi na vitanda vya watoto.

Mwanazuoni wao mwingine, Ben Zoma, aliuliza tajiri ni nani, akajibu: anayefurahia fungu lake. Neno hilo nisingependa kumsikia mwenye nacho akimwambia asiye nacho. Likisemwa na mtu ambaye tayari ametoa zaka yake na kumlipa kibarua wake, nalikubali.

Ila aliyenigusa zaidi ni mwanazuoni wao Musa bin Maimun, aliyefariki Misri mwaka 1204. Alipanga ngazi nane za kutoa. Ya chini kabisa ni kutoa kwa uso wa kununa. Ya juu kabisa ni kumkopesha mtu, kumpa kazi au kushirikiana naye biashara, asimame mwenyewe asihitaji kuomba tena.

Binamu yangu kule Kisauni ana deni langu la pikipiki. Kila tukiongea, salamu hazijaisha tumeshafika kwenye deni, na siku hizi anachelewa kupokea simu. Jana nimempigia nikamwambia tusiite deni tena: tuifanye biashara yetu wawili, faida tugawane, hasara tugawane. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi breki za nyuma zinavyomsumbua.