Mizani nane juu ya mapigo saba

Epizod, bendi ya metali nzito kutoka Sofia, Bulgaria, inaimba mashairi ya Hristo Botev na Ivan Vazov juu ya magitaa yanayonguruma. Anayeisikia mara ya kwanza huona ni kioja: ushairi wa karne ya 19 na kelele zote zile! Botev, aliyezaliwa Kalofer mwaka 1848 na kuuawa 1876 akipigana na utawala wa Waturuki, alishatunga baadhi ya mashairi yake kwa kipimo cha nyimbo za kijijini: silabi nane, pumzi baada ya ya tano, kisha tatu za kumalizia. Mpiga gitaa alikuta wimbo uko tayari.

Nane hiyo tunaijua. Ukwapi, nusu ya kwanza, nane; utao, nusu ya pili, nane, basi mshororo umetimia. Hapa Tanga, kwa kina Shaaban Robert, hakuna haja ya kumfundisha mtu kuhesabu mizani. Kinachosumbua bendi inayotaka kujaribu mambo haya kwa Kiswahili ni mdundo.

Ngoma ya Kibulgaria iitwayo rachenitsa ina mapigo saba, yakigawanywa 2+2+3. Yahesabu kwa mdomo: tata, tata, tatata. Pigo zito ni la 1, la 3 na la 5. Sikio la pwani limelelewa na chakacha yenye mapigo sita, kwa hiyo mpiga drams akichoka kidogo anakula pigo la saba, na wimbo mzima unageuka chakacha. Mwingine huongeza la nane, ukawa rumba. Dawa ni moja: anzeni polepole, mapigo madogo 140 kwa dakika, mpiga besi akipiga yale mazito matatu tu, na mtu mmoja akihesabu kwa sauti. Msipande hadi 280 mpaka mhesabuji anyamaze na saba ibaki saba.

Sasa maneno. Chukua mshororo huu:

Bahari imechafuka, wavuvi wamerejea.

Ukibandika silabi nane juu ya mapigo saba, moja inabaki nje, na mwimbaji ataifukuzia hadi mwisho wa wimbo. Zaidi ya hapo, Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: baHAri, imechaFUka. Ukianza «ba» kwenye pigo la 1, mkazo unaangukia pigo jepesi na neno linasikika kama limetamkwa na mgeni. Kipe kila kipande, ukwapi kisha utao, mizunguko miwili ya mapigo saba. «Ba» itangulie, ikae kwenye pigo la 7 la mzunguko uliopita. «HA» ipige la 1 na kuvutwa hadi la 2, «ri» la 3, «i» la 4, «me» la 5 na la 6, «cha» la 7. Mzunguko wa pili, «FU» la 1 na la 2, «ka» la 3 na la 4, kisha mwimbaji anyamaze. Mapigo ya 5 na 6 ni ya gitaa. La 7 tayari ni «wa» ya wavuvi.

Kwa mpango huo ubeti wa mishororo minne unakula mizunguko 16, yaani mapigo 112. Kwa mwendo wa 280 ni sekunde 24. Kina nacho kinapata nafasi: «ka» na «a» zinalia gitaa likiwa limefunikwa kwa kiganja kwenye daraja la nyuzi. Gitaa likiachwa wazi pale, vina vinamezwa, na malenga aliyekutungia ana haki ya kukasirika.

Sauti si tatizo kubwa. Kwenye uzi mzito wa mi, piga wazi, kisha bonyeza nafasi ya 1 shingoni, ya 4, ya 5. Ni hijazi, ngazi ya sauti ile ile ya taarabu, na nyimbo nyingi za Bulgaria hupita humo humo. Wanawake wa huko pia huimba sauti mbili zinazogusana, mi na fa kwa pamoja. Msiwape magitaa ya kukwaruza kazi hiyo; yatatoa uji. Magitaa yabaki na sauti ya kwanza na ya tano, mgusano waachieni waimbaji wawili.

Gaida, filimbi yao ya kiriba, ina mlio mmoja usiokatika chini ya wimbo. Shusheni uzi wa mi hadi re, uachwe ulie wazi, na juu yake wekeni zumari. Ila magitaa yote yafuate zumari. Zumari haina vigingi vya kukaza wala kulegeza.