Swali Pembeni mwa Daftari

Katika shule za msingi za upande wetu wa Mpwapwa, insha nzuri ilikuwa ile iliyojaa methali na misemo. Tuliikariri kwa mafungu na kuipachika popote palipopatikana nafasi, na jua katika insha zetu halikuwahi kuchwa bila kwanza kuyaaga mawingu kwa huzuni, hata kama mwandishi alikuwa akisimulia habari za kuchunga mbuzi katika kiangazi kisicho na wingu hata moja.

Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la sita hakulivumilia jambo hilo. Alipiga mstari mwekundu chini ya jua langu na kuandika pembeni: "Hii umeikariri. Kwenu jioni ikoje? Mbuzi wanarudi kwa njia ipi?" Hakunisifu, na alama alizonipa zilikuwa za wastani, lakini nilianza kuwaza vumbi linalotangulia kundi, kengele ya beberu inayosikika kabla mwenyewe hajatokeza nyuma ya mibuyu, na mama akihesabu kwa kidole mlangoni mwa zizi huku mwiko ukiwa bado mkononi. Niliyaandika yote hayo. Daftari liliporudi halikuwa na alama yoyote, nami nikadhani amesahau, palikuwa na swali jingine tu: "Mmoja akikosekana, inakuwaje?"

Ukosoaji wa namna hiyo una heshima ndani yake, kwa kuwa anayeuliza ameshakubali kwamba anayeulizwa ana jambo la kusema. Kwangu ulifaa kuliko ile "Vizuri sana, ongeza bidii" iliyoandikwa katika kila daftari, ya aliyejitahidi na ya aliyenakili.

Jirani yangu wa dawati hakuwa na bahati hiyo. Alichora ng'ombe kwa kalamu ya wino, nundu na mikunjo ya shingo ikiwa mahali pake, hadi ungeweza kusema huyu ni wa boma la nani. Siku moja mwalimu wa somo jingine aliliinua daftari lake mbele ya darasa na kusema kwamba mwenye michoro hii atachunga mpaka azeeke. Tulicheka sote. Hakuchapwa (nadhani viboko angevisahau upesi), ila tangu hapo alichora tu kilichoagizwa, yaani ramani ya Tanzania na moyo wa binadamu, tena kwa rula.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kwa wanafunzi nchini Israeli: waliopewa maoni peke yake juu ya kazi yao walidumisha hamu na kufanya vizuri zaidi, ilhali waliopewa alama, hata zilipoambatana na maoni, hawakunufaika kama wao. Nilipoyasoma nililikumbuka daftari lile lisilo na alama, na nikaanza kushuku kwamba mwalimu hakuwa amesahau.

Najua hali ya madarasa yetu; mwenye bunda la madaftari mezani hawezi kuongea na kila ukurasa, na wazazi nao huulizia alama kwanza. Hata hivyo anaweza kuchagua madaftari machache kila wiki, aandike swali moja katika kila daftari, na alama za hao wachache zisubiri mpaka wamjibu.