Kwaheri, Dkt. Godlee, na asante kwa lile swali

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne Muhimbili, na kompyuta za maktaba tulizigombania kama siti za daladala saa kumi na mbili jioni. Ukipata nafasi unafungua Hinari, ule mpango wa Shirika la Afya Duniani uliotupa majarida ambayo vyuo vyetu visingeweza kuyalipia, halafu unasubiri ukurasa ujifungue polepole. Wengi tulikuwa tunatafuta majibu ya mitihani. Mimi nilianza na hayo, nikajikuta kila wiki nasoma kwanza safu ya mhariri mkuu wa jarida la kitabibu la BMJ la London. Mhariri huyo alikuwa Fiona Godlee. Mwisho wa Desemba 2021 aliondoka, baada ya karibu miaka 17 kwenye kiti kile.

Sijawahi kukutana naye, wala hajui kama nipo. Lakini kuna jambo alilonifundisha ambalo nalitumia wodini mpaka leo, na sikutaka aondoke bila kushukuriwa kwa Kiswahili na daktari mmoja wa watoto wa huku mkoani.

Jarida lenyewe ni la tangu 1840. Mwaka 1948 ndimo lilimochapishwa jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu, na 1950 ndimo watafiti Doll na Hill walimoonyesha jinsi sigara inavyohusiana na saratani ya mapafu. Kwa miaka 165 kiti cha mhariri kilikaliwa na wanaume tu, hadi 2005 alipokikalia yeye. Hilo peke yake lingetosha kuandikwa, ila silo lililonikamata.

Lililonikamata ni Tamiflu, dawa ya mafua.

Mwaka ule wa 2009 homa ya mafua ya nguruwe ilizunguka dunia, na serikali zikawa zinanunua dawa hiyo kwa shehena. Uingereza peke yake ilitumia zaidi ya pauni milioni 400 kuiweka akiba. Watu waliamini kwamba inapunguza nimonia na inazuia wagonjwa wasifikie kulazwa. Hapo akatokea daktari wa watoto wa Japani, Keiji Hayashi, akawaandikia watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya tiba fulani na kuyapima kwa pamoja, na ambao nao walikuwa wameyakubali madai hayo. Alichowauliza mtu yeyote angeweza kukiuliza. Mnategemea makala moja iliyojumlisha majaribio 10 yaliyolipiwa na kampuni yenyewe, na kati ya hayo yamechapishwa mawili tu. Yale manane yako wapi?

Watafiti wakaenda kuyatafuta. Kampuni, yaani Roche, ikataka kwanza wasaini mkataba wa usiri. Wakakataa.

Mhariri angeweza kuchapisha kisa hicho mara moja, Desemba 2009, kisha akageukia toleo linalofuata. Dkt. Godlee alikaa nacho. Kampuni iliahidi kutoa taarifa kamili, mwaka ukapita, ukaja mwingine. Oktoba 2012 akamwandikia barua ya wazi Profesa John Bell wa Oxford, mjumbe wa bodi ya Roche, na barua zilizokwenda na kurudi kati ya watafiti na kampuni akaziweka hadharani azisome anayetaka. Taarifa zikatoka 2013. Aprili 2014 matokeo yakachapishwa: kwa mtu mzima, Tamiflu ilifupisha dalili kutoka siku 7 hadi 6.3, na haukupatikana ushahidi wa kutegemewa kwamba inazuia watu kulazwa. Tofauti ya saa kumi na saba hivi, kwa mamilioni yale yote.

Nilisoma matokeo hayo kwenye simu nikiwa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya. Wiki chache baadaye akaja wakala wa kampuni moja ya dawa, kijana mpole, na nakala zinazong'aa za utafiti na kalamu za kugawa. Alikuwa ananadi antibaiotiki ya watoto iliyozidi amoksilini yetu bei mara kadhaa. Zamani ningepokea kalamu na kusikiliza. Siku ile nikamuuliza: majaribio mangapi yamefanyika, na mangapi yamechapishwa? Akasema atanitafutia jibu. Kitanda cha tatu alikuwa amelala mtoto mwenye nimonia, ambaye mama yake alishauza mbuzi wawili kugharamia safari na matibabu. Kama ningeiandika ile dawa mpya, angerudi nyumbani kuuza wa tatu. Niliendelea na amoksilini, mtoto akapona. Jibu la yule kijana sikulipata.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye majaribio ya dawa, anayeficha ni mmoja na anayekutwa na kifo ni mwingine, ambaye hata hakujua kwamba kuna kitu kimefichwa. Nadhani hilo ndilo lililomnyima usingizi mama huyu. Kuanzia 2013 jarida lake likaacha kuchapisha jaribio lolote la dawa ambalo watafiti wake hawako tayari kutoa data za wagonjwa, pasipo majina, kwa mwenye ombi la maana. Mwaka 2015 sharti hilo likaenea kwa majaribio yote.

Kuna watu wa huku wanaomfahamu kwa jambo jingine, hata kama jina hawalijui. Kila kampeni ya chanjo ninakutana na mzazi aliyesikia kwamba chanjo ya surua inaleta usonji. Tulipoanza kutoa ya surua na rubella mwaka 2014 niliulizwa hivyo mara nyingi mno. Uvumi huo mizizi yake ni makala ya Andrew Wakefield iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 1998, kuhusu watoto 12. Lancet iliifuta 2010. Januari 2011 Dkt. Godlee akachapisha uchunguzi wa mwandishi wa habari Brian Deer, aliyeweka kumbukumbu za watoto wale upande mmoja na yaliyoandikwa kwenye makala upande wa pili, na vitu hivyo viwili vilikuwa havifanani. Tahariri yake na wenzake ikautamka ule kuwa udanganyifu. Wakefield akamshtaki yeye, Deer na jarida huko Texas. Kesi ikatupwa, kwa kuwa mahakama ya huko haikuwa na mamlaka juu yao.

Nimekaa na mama kwenye benchi la kliniki, mtoto mgongoni, nikamsimulia hadithi hiyo yote, watoto 12 na kumbukumbu zilizogeuzwa. Anaisikiliza vizuri kuliko anavyosikiliza ukimwambia tu kwamba serikali imesema chanjo ni salama.

Kwa hiyo wapo walioshangaa Novemba 2021, jarida hilohilo lilipochapisha malalamiko ya mfanyakazi mmoja kuhusu namna jaribio la chanjo ya Pfizer ya korona lilivyoendeshwa kwenye vituo vya mkandarasi huko Texas. Facebook ikaibandika makala hiyo onyo, na Desemba 17 yeye pamoja na Kamran Abbasi, aliyepokea kiti Januari 2022, wakamwandikia Mark Zuckerberg barua ya wazi kupinga. Rafiki yangu alinitumia ujumbe: huyu bibi yuko upande gani? Nilimjibu kwa simu, maana kuandika kusingetosha. Aliyedai kumbukumbu za Wakefield na aliyedai majaribio ya Tamiflu na aliyedai maelezo ya mkandarasi wa Pfizer ni mtu mmoja, na anauliza kitu kilekile. Mimi nachanja watoto kila wiki. Nataka kila kisa cha jaribio kijulikane, ili nikimwangalia mzazi usoni nisiwe nakisia.

Na kwake nyumbani alijipima kwa kipimo hichohicho. Mwaka 2013 jarida lilichapisha makala mbili zilizosema dawa za kushusha lehemu zinawaletea madhara karibu mgonjwa mmoja kati ya watano. Takwimu hiyo ilikuwa imesomwa vibaya. Sentensi zikaondolewa, yeye mwenyewe akaandika kukiri kosa, na swali la kama makala zifutwe kabisa akalipeleka kwa jopo huru badala ya kujiamulia. Jopo likasema zisifutwe. Nimewahi kufanya kazi chini ya wakubwa wa kila aina, na mkubwa anayekabidhi faili la kosa lake kwa watu wengine walihukumu sijamwona mara nyingi.

Septemba 2021 alikuwa miongoni mwa wahariri walioandika tahariri moja kuhusu joto la dunia, ikachapishwa kwa pamoja na majarida zaidi ya 200. Jina la kwanza juu pale ni Lukoye Atwoli, wakati ule mhariri wa jarida la madaktari la Afrika Mashariki. Najua majina yalipangwa kwa alfabeti. Bado nililisoma mara mbili, kisha nikawaonyesha madaktari wangu wa intani.

Kila Alhamisi asubuhi tunakaa na vijana hao kusoma makala pamoja, saa moja kabla ya raundi. Ya kwanza kila mwaka ninawapa ile ya Tamiflu ya Aprili 2014, niliyoichapa wakati ule nikaitia kwenye faili la kijani. Imepita mikono mingi, ukurasa wa jedwali la siku 7 na 6.3 umeshachanika katikati na kuungwa kwa selotepu. Kundi jipya linaingia hivi karibuni, na kesho nitaichapa upya.